Daftari la Skola nililolisoma kwa sauti

Jumanne, mwezi wa sita. Mbinga, ukungu.

Jua limetoka saa saba mchana, likachungulia kidogo, likarudi zake. Kahawa tuliyoanika haikauki. Naandika hapa chumba cha intaneti nimevaa makoti mawili na bado vidole vinagoma.

Nyinyi mliozoea kuingia humu kwenye blogu yangu kucheka, leo mtanisamehe. Mimi ni yule yule. Ndiye niliyefika Lusaka na Lilongwe wakati vijana wa mji huu hawajaijua hata njia ya Songea. Ndiye niliyemuuzia polisi wa mpakani koti lake mwenyewe, akanishukuru na kuniuliza kama nina la mkewe. Soko la kahawa lilipofunguliwa, watu binafsi wakaruhusiwa kununua, nilikuwa wa kwanza kupanda milima ya Kitura na mizani begani, elimu yangu darasa la saba na robo ya sekondari. Mdomo ndiyo shahada yangu.

Mdomo huo ndio ulioniharibia.

Nina binti mmoja. Nitamwita Skola. Si jina lake, amelichagua mwenyewe, na ameniruhusu kuandika haya yote. Nalisema hilo mapema kwa sababu mara ya kwanza sikumwomba ruhusa.

Ana miaka kumi na sita. Mama yake alikuwa Mnyasa wa Lipingo, kule chini ziwani, na alifariki miaka miwili iliyopita kwa ugonjwa wa figo. Baada ya msiba Skola alirudi shule ya bweni, akavumilia muhula mmoja, halafu usingizi ukamkimbia. Mwanzoni tulidhani ni masomo. Kisha akaacha kula, akaacha kuongea na wenzake, akawa anasahau hata alichotumwa. Shule ikamrudisha nyumbani na barua inayosema apumzike.

Apumzike. Ningejua mapumziko yanauzwa wapi, si ningekuwa nimemnunulia?

Nilijaribu yote, msidhani nilikaa. Nilimlisha ugali mzito jioni ili alemewe. Nilimleta mzee mmoja na mizizi yake, mtoto akatapika siku mbili. Nikaenda duka la dawa, na siku hizi maduka ya dawa ni mengi kuliko ya sukari, nikaomba vidonge vya kulaza. Muuzaji hakuniuliza ni vya nani. Skola alivimeza wiki moja, akawa anatembea kama mtu aliyefunikwa blanketi kichwani, na nikavitupa chooni. Padri alimwombea. Mimi nikampa hotuba. Nilimwambia wenzako wana shida kubwa kuliko zako na wanakoroma.

Akasema, "Ndiyo, baba."

Mwishowe mtu akaniambia kuna muuguzi hapa mjini anayetibu kwa mazungumzo. Nilicheka sana. Kama mazungumzo yanatibu, nilisema, basi mimi ni hospitali ya rufaa.

Muuguzi mwenyewe ni Dada Rehema, binti wa wenye maduka, umri wake nusu ya wangu. Siku ya kwanza alimuuliza Skola swali, nikajibu mimi. Akamuuliza la pili, nikajibu mimi, tena kwa mfano mzuri wa Lusaka. La tatu akanigeukia taratibu.

"Baba Skola, naomba umwachie hilo ajibu yeye."

Nikanyamaza. Tulikaa kimya muda mrefu mpaka nikaanza kuhesabu mabati. Ndipo Skola akaongea. Aliongea kidogo tu, lakini ilikuwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msibani.

Dada Rehema alisema ni sonona, pamoja na hofu. Neno sonona nilikuwa silijui. Nilidhani ni huzuni iliyovaa suti. Akaeleza kwamba sonona inaufukuza usingizi, na kukosa usingizi kunailisha sonona, kwa hiyo hatungoji moja liishe ndipo tushughulikie la pili. Akaniuliza kama mtoto anakunywa kahawa. Nikamwambia dada, huku kahawa tunailima, hatuinywi. Akacheka kidogo. Nikajipongeza.

Halafu akafanya jambo lililonishangaza. Skola alikuwa anaingia kitandani saa mbili usiku na kutoka saa moja asubuhi, na humo katikati analala saa tatu tu kwa vipande. Dada Rehema akampunguzia kitanda. Asiingie mpaka saa sita. Atoke saa kumi na mbili asubuhi, awe amelala au hakulala. Mchana asijilaze. Akiona usingizi haujaja, ainuke, akae kwenye kiti, arudi ukija. Kitanda kiwe cha kulala, basi, kisiwe mahali pa kugombana na mawazo.

Nilibisha. Mtoto halali, na wewe unamnyang'anya kitanda? Akasema mwili wake umezoea kwamba kitandani ni mahali pa kukesha, na lazima ujifunze upya.

Akampa daftari. Kurasa za mbele ni za saa: ameingia lini, amelala lini, ameamka lini. Kila asubuhi mimi natia saini kwamba nimemwamsha. Kurasa za nyuma ni za mawazo. Kila siku saa kumi jioni Skola anakaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, dakika ishirini, anaandika yanayomtisha, ili yasimngojee kitandani. Kisha yeye na Dada Rehema wanayapitia moja moja, wanayauliza: wewe, umethibitishwa na nini?

Nyuma hapasomwi na mtu mwingine. Aliniambia hivyo nikiwa nimesimama, nikiwa nimekaa, na nikiwa mlangoni naondoka. Dada yule alinijua mapema.

Zile ndizo wiki tamu kuliko zote tangu mama yake aondoke. Ili asisinzie kabla ya saa sita, nilimsimulia safari zangu. Nilimsimulia za kweli zikaisha, nikaanza za uongo, akawa anazikamata. Asubuhi nilimwamsha, tukanywa chai, nikasaini. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya, alikuwa anasinzia akiwa amesimama. Ya pili akafika saa nne. Ya nne akafika tano na nusu, mfululizo, bila vipande. Akaanza kuchana nywele. Siku moja nilimsikia anaimba akiosha vyombo, nikatoka nje nikajifanya natafuta koleo.

Ningeishia hapo. Lakini mimi ni mimi.

Kwetu Wamatengo kuna sengu. Kwa wasiojua: ukoo unakula pamoja, wanaume huku na wanawake kule, na mkishakula mnakaa wote na shida ya kila mtu inawekwa katikati, inajadiliwa mpaka iishe. Sasa hivi koo nyingi zimeacha, kila mtu anakula na sahani yake na televisheni yake. Sisi bado tunakutana Jumapili baada ya misa kwa kaka yangu mkubwa, Gaudensi, kijijini Mkumbi.

Kaka Gaudensi alikuwa amekasirika. Alisema anasikia mtoto wa ukoo huu anapelekwa mjini kumweleza mgeni mambo ya nyumbani. Kuna sengu hapa, kuna baba wakubwa, kuna mashangazi, sisi hatuna masikio? Na aliongea mbele ya watu wote.

Iliniuma. Iliniuma kwa sababu nilikuwa na ushindi wangu mkononi na hakuna aliyenipigia makofi. Na nitakiri hili pia: niliona hoja yake. Kama kuongea na mtu mmoja kumempa saa tano na nusu, je, akiongea na ukoo mzima? Nilipiga hesabu ya mfanyabiashara. Nikaona mwezi mmoja na mtoto amepona.

Jumapili iliyofuata nililitia daftari ndani ya koti.

Skola alikuwa amekaa na wanawake, karibu na shangazi yake Tekla, dada yangu. Nilisimama. Nikasoma kurasa za mbele, saa tatu, saa nne, saa tano na nusu, kama msomaji wa kanisani. Watu wakashangilia. Kaka Gaudensi akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Basi ulimi ukapata joto, nikasema sasa ngoja muone na utaalamu wenyewe, nikageuza daftari.

Kuna jambo moja kuhusu kusoma kwangu. Mimi siwezi kusoma kimyakimya. Lazima nitoe sauti, neno moja moja, ndipo maana inakuja nyuma, inachelewa. Nyinyi wenye shule mnaona maneno na kuyaelewa kabla ya kuyatamka. Mimi natamka kwanza.

Nikatamka: "Nikilala mtu atakufa. Mama alikufa kwa sababu nililala. Nilikuwa nimeshika mkono wake, nikalala, nilipoamka mkono ulikuwa wa baridi."

Maana ilipofika, maneno yalikuwa yameshatoka.

Hakuna aliyesogea. Hata kuku, naapa. Skola alikuwa anatazama mikeka. Kisha Tekla, ambaye si mtu mbaya, ni mtu anayesema kilichomjia, akashika kifua.

"Kumbe ulilala, mwanangu."

Alisema kwa huruma kabisa. Ndiyo maana ilipenya.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa na neno moja la kusema na nilikuwa nalijua, limekaa hapa kooni miaka miwili. Lakini kimya kilikuwa kirefu, na mimi kimya kinanitia hofu kama moto. Nikafanya ninachofanya siku zote.

Nikasema, "Kumbe kulala unajua, eh?"

Wakacheka. Walikuwa wanatafuta mahali pa kutokea na mimi nikawafungulia. Kaka Gaudensi alicheka mpaka akakohoa. Skola naye alicheka, kwa adabu, kama unavyomchekea mgeni. Kisha akainuka, akakusanya sahani, akaenda kuziosha. Hakulia. Ningempa lori zima la kahawa kama angelia, au angenitupia hata sahani moja.

Njia nzima ya kurudi alinijibu kila nilichouliza. Ndiyo, baba. Hapana, baba.

Kesho yake asubuhi daftari lilikuwa mezani kama kawaida. Mbele ameandika: nimelala saa nane nzima. Jumanne, saa nane. Jumatano, saa nane. Mwandiko umenyooka kama mistari ya bati. Nikasaini. Huku nyuma hapakuwa na kitu. Kurasa zilikuwa zimechanwa zote, kwa uangalifu, bila kuacha vipande kwenye uzi.

Dada Rehema aliangalia zile saa nane ndani ya kitanda cha saa sita, akafunga daftari. Nilimweleza yote, hata kichekesho. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Alisema tu, "Hizo anaziandika ili tumwache."

Akamwomba Skola radhi, yeye ambaye hakukosa kitu. Skola akasema hamna shida, nimepona, ahsante sana. Baada ya hapo akaomba kwenda Lipingo kwa bibi yake, mama wa mama yake, amsaidie kuanika dagaa. Nilimruhusu. Nilijiambia hewa ya ziwa ni nzuri.

Wiki tatu zikapita. Miadi miwili ikapita.

Alhamisi nilikwenda kwa Dada Rehema peke yangu. Nilikwenda na mipango: nimpelekee zawadi, niitishe sengu nyingine tumwombe msamaha ukoo mzima. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, na mimi kuishiwa si jambo la dakika mbili.

"Baba Skola, usiku ule mama yake alipofariki, wewe ulikuwa wapi?"

Nikafungua mdomo. Nina hadithi ya kila usiku wa maisha yangu, muulizeni yeyote. Ya usiku ule sikuwa nayo.

Ukweli ni huu. Ilikuwa wodi ya wanawake, usiku wanaume hawaruhusiwi kukaa ndani. Ni kweli, hiyo ndiyo sheria, na nimejificha nyuma yake miaka miwili. Lakini wanaume wengine walilala kwenye veranda ya hospitali wamejifunika magunia, ili wakiitwa waitike. Mimi nilimwachia zamu mtoto wa miaka kumi na minne, ambaye alikuwa hajalala siku mbili, nikapitia kilabuni, nikachekesha watu, nikaenda nyumbani kwangu. Kutoka hospitali ni mwendo wa dakika kumi. Nikalala chini ya mablanketi mawili mpaka jua lilipotoka.

Mimi ndiye niliyelala.

Dada Rehema akasema niende Lipingo, nimwambie hilo tu, nisimbembeleze, nisiahidi kitu, nisimwombe arudi. Nikishasema, ninyamaze. Akarudia hilo la kunyamaza.

Jumapili sikwenda Mkumbi. Niliteremka ziwani. Kule chini joto, watu wanatembea vifua wazi kana kwamba Mbinga na baridi yake ni nchi nyingine. Nilimkuta Skola kwenye vichanja vya dagaa, anawageuza kwa mikono miwili, kitenge kiunoni. Amekonda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umelalaje?"

"Nimelala vizuri."

Macho mekundu, ngozi chini yake nyeusi kama amepigwa. Zamani, akiwa mgonjwa kabisa, aliniambia ukweli: baba, leo saa mbili tu. Sasa ananiambia vizuri, kama anavyomwambia kila mtu. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba ukweli wake unaweza kusomwa Jumapili.

Nilivua makoti, nikasimama upande wa pili wa kichanja, nikageuza dagaa naye. Kisha nikasema. Nikataja kilabu, nikataja mablanketi. Nikamwambia, wewe ulilala ukiwa umeshika mkono wake, mimi nililala nikiwa nimegeuza mgongo, na ulipokuwa unachekwa kule Mkumbi nilikuwa najua hayo yote na nikachekesha. Nikaishia hapo. Nikanyamaza, nikaushika ule mti wa kichanja.

Alimaliza kugeuza safu nzima. Alikuwa hanitazami.

"Najua ulikuwa umelala, baba. Nilikuja kukugongea."

Sikuelewa. Akaeleza polepole, akiwa bado anapanga dagaa. Mama yake alianza kupumua vibaya, nesi wa zamu akamwambia akamwite mtu mzima. Akakimbia kwenda nyumbani peke yake. Akagonga mlango. Akazunguka akagonga dirisha, akaniita. Alinisikia nakoroma. Akagonga tena, kisha akaogopa kwamba mama atakuwa peke yake, akakimbia kurudi. Akakaa, akashika mkono. Alikuwa amechoka kwa kukimbia. Akalala.

Nilimuuliza kwa nini hilo hakuliandika. Kurasa zote zile za nyuma, kila siku saa kumi, na Dada Rehema anamuuliza alikuwa na nani, ilikuwaje. Hilo la mlango halikuwemo.

"Niliogopa watu wasije wakakusema, baba."

Nimeandika sentensi hiyo mara tatu, nikaifuta mara tatu. Mtoto alikuwa amebeba kifo cha mama yake peke yake, na juu yake akawa amebeba na siri ya kukoroma kwangu, akaificha mahali ambapo hata kalamu isifike. Mimi nilimsoma mbele ya ukoo mzima baada ya kula.

Sikumwomba arudi. Alisema mwenyewe, baadaye, tukiwa tunafunika vichanja, kwamba labda ataonana na Dada Rehema mwezi ujao, bibi atamleta, na daftari atanunua lingine na kukaa nalo yeye. Alisema labda. Nalishika hilo labda kwa mikono yote miwili, lakini sitawadanganya: alipoagana nami alinipa mkono kama mtu anayemuaga mteja, na kifurushi cha dagaa nimpelekee shangazi Tekla. Alisema nikitaka kuandika, niandike, mradi nisiwapambe watu na nisijipambe.

Nimerudi jana. Nyumba iko kimya. Alhamisi nina nafasi yangu kwa Dada Rehema, ya kwangu mimi, maana na mimi sasa naijua saa nane ya usiku kwa jina lake la ubatizo. Usiku nalala chali nautazama mlango. Ni mbao nyepesi tu, si mninga hata kidogo, fundi alinidanganya. Unaupiga kwa kidole, nyumba nzima inasikia.

Alitumia mkono gani? Alinigongea mara ngapi kabla hajakata tamaa na mimi?